Taa za Sachangwan, Taa za Rusinga

Saa moja kasoro jioni nilikuwa Sachangwan, Kenya, juu ya mteremko wa barabara kuu unaoshuka hadi Salgaa, kamera imeshakaa kwenye tripodi. Sikusimama kando ya barabara. Malori ya pale si ya kuchezewa. Mzee mmoja aliniruhusu nitumie shamba lake lililoinuka.

"Unapiga picha gani usiku ukiingia, kijana?"

"Za taa, mzee."

Akaleta kigoda, akaketi nami.

Nilianza mbingu ikiwa bado na samawati: ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/11, yaani dogo, na sekunde 30 za kupokea mwanga. Gari dogo lilipita likaacha mstari mzima, kona hadi kona. Lori lililojaa mizigo, likipanda kwa gia nzito, liliacha kipande kifupi tu, ila kinene na chenye kung'aa zaidi. Hapo niliona kwa macho yangu jambo ambalo wengi hulikosea: kuongeza muda hakung'arishi mstari, kunaurefusha. Taa inayosonga hugusa kila nukta ya picha kwa kitambo kidogo, kisha inahama. Ukitaka ing'ae, panua tundu au pandisha ISO.

Giza lilipokolea nikaacha shata, kile kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, wazi dakika mbili. Mstari mwekundu ukapanda kilima chote. Mzee akainamia kioo cha kamera.

"Na lori lenyewe limekwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba bodi yake ni nyeusi na haikutulia mahali. Taa pekee ndizo zilizoandikika. Alitazama picha ile muda mrefu.

Kesho yake nikapita Kericho na Ahero, nikalala Kisumu, halafu matatu hadi Luanda Kotieno na feri ya kuvuka kwenda Mbita. Tarehe niliichagua kwa makusudi. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa sababu taa ndiyo inayowavuta. Mwezi ukijaa, taa inakosa nguvu.

Kutoka ufuo wa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria lilikuwa kama mji kwa taa za wavuvi. Wengi wameacha karabai, sasa ni taa za sola. Nikaweka dakika mbili zilezile za Sachangwan, na picha ikaharibika. Taa inayoelea haiendi mbali, basi mwanga unarundikana palepale mpaka kila taa inakuwa doa jeupe. Nikashuka hadi sekunde 15, na lenzi ndefu. Lo! Kila taa ilikuwa imechora kijinyoka chake, kikipanda na kushuka na wimbi. Sijawahi kupenda picha yangu kiasi kile.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja omena, beseni pembeni, aliomba kuiona.

"Mwanangu, zote zimeinama upande mmoja," akasema, akigusa kioo. "Huo ni upepo wa usiku. Unatoka nchi kavu kwenda ziwani."