Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa mgahawa wa Kituruki, London

Saa nne asubuhi. Nashuka basi namba 29 pale Grand Parade, kipande cha barabara ya Green Lanes, kaskazini mwa London, ambako migahawa ya Kituruki imebanana na maduka ya dhahabu, ya baklava na ya mboga. Waliotangulia kuweka makazi hapa ni watu wa Kupro, Wagiriki kwa Waturuki, na wengi waliongezeka kisiwa kilipogawanyika mwaka 1974. Waturuki na Wakurdi kutoka Uturuki yenyewe walifuata, wengi wakaanzia kwenye karakana za kushona nguo. Karakana zilipokufa, wengine wakahamia jikoni. Bosi wangu ni Mkurdi, na wapishi wengi vilevile, ingawa kibao cha nje kinatangaza chakula cha Kituruki.

Saa nne na nusu. Visu. Kazi yangu ya asubuhi yote ni kuandaa vitu ambavyo mteja hatavilipia. Kwenye mgahawa wa ocakbaşı, yaani wa jiko la mkaa lililo wazi ukumbini, mteja huletewa mkate wa moto, saladi na vitunguu hata kabla hajaamua anataka nini. Kwa hiyo nakata nyanya, matango, kotimiri, vitunguu vya kunyunyizia sumaki, kiungo chekundu cha unga chenye uchachu. Halafu ezme: nyanya, pilipili, kitunguu na kotimiri, vyote vinakatwakatwa kwa kisu mpaka vinakaribia kuwa rojo, kisha sharubati nzito ya komamanga juu yake. Kuna migahawa inayotumia mashine. Utaijua, ezme yao inaogelea kwenye maji.

Upande wa pili fundi wa moto, sote tunamwita usta, anakanda nyama ya adana, kebabu yenye jina la mji wa Uturuki. Ni ya kondoo, mafuta ya mkia, pilipili nyekundu na chumvi, basi. Nyama yenyewe inakatwa kwa mkono kwa zırh, kisu kikubwa kilichopinda kama mwezi mchanga. Kule Uturuki jina la kebabu ya Adana linalindwa kisheria tangu 2005. London hakuna anayekuja kukagua, lakini ukimletea usta nyama ya kusaga ya buchani atakutazama mpaka uirudishe mwenyewe.

Saa sita mchana. Mkaa umeshika. Wateja wa mchana wana haraka: supu ya dengu yenye limau, lahmacun, mkate mwembamba uliopakwa nyama, iliyoviringishwa na saladi, chai, wameondoka. Hakuna la kusimulia.

Saa tisa alasiri. Tunakula sisi. Si kebabu! Ni maharage meupe yaliyopikwa na nyanya, wali uliochanganywa na tambi za kukaanga, na pilipili ya achari. Ukipita Green Lanes ukaona mgahawa wenye masufuria ya mchuzi dirishani, ingia. Utakula bamia, biringanya au kunde kwa bei nafuu kuliko ya nyama, na pembeni yako watakuwa wazee wa Kituruki waliochoka na kebabu kama sisi.

Saa moja usiku. Sasa ndiyo kazi. Meza zimejaa, moshi unavutwa na bomba kubwa juu ya jiko, usta ana mishikaki mkono huu na mkono huu. Ya adana ni ya bapa, kwa sababu nyama iliyokatwakatwa na kukandwa, kwenye mshikaki wa duara, huzunguka na kudondoka. Kila baada ya muda anachukua mkate, anaukandamiza juu ya nyama unyonye mafuta, anaurudisha motoni. Vitunguu vizima vinachomwa pembeni, vinamenywa, vinamwagiwa komamanga na şalgam, maji machachu yenye chumvi ya karoti nyeusi na tanipu. Nimewahi kuona mtu anaagiza sahani ya tatu ya vitunguu kabla ya nyama kufika.

Meza ya dirishani imekaliwa na familia ya Mombasa. Nawasikia kabla sijawafikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Kumbe wewe ni wetu! Hebu nambie, hii mikate yote na saladi, twalipia?"

"Hapana mama, hii ni ya kuwakaribisha tu."

"Na nyama ni halali?"

"Ya hapa kwetu ni halali. Ila pombe inauzwa, ile meza ya nyuma wanakunywa rakı, pombe kali ya Kituruki. Mkitaka pasipo pombe kabisa, pako mlango wa tatu, na wao wanapika vizuri."

Bosi asingependa kunisikia. Lakini mama kaamua kubaki, akaanza kuagiza sahani tano za mchanganyiko wa nyama, moja kwa kila mtu. Nikamwomba achukue moja kubwa ya watu wanne, tuone. Wakashindwa kuimaliza. Hili ndilo ningependa kila mgeni alijue: kwa Waturuki, agiza nusu ya njaa yako. Nusu nyingine itakuja yenyewe, na mkate ukiisha unaongezwa bila kuomba.

Chai ya mwisho nayo aghalabu ni bure. Kinacholipiwa ni ada ya huduma, angalia chini ya bili. Tangu Oktoba 2024 sheria ya Uingereza inamtaka mwajiri atugawie ada hiyo na bakshishi zote bila yeye kujikatia kitu, kwa hiyo ukiilipa ujue inatufikia.

Saa sita usiku. Tunagawana hizo fedha mezani, viti viko juu ya meza, nimeshavaa koti. Leo Galatasaray, timu ya mpira ya Istanbul, wameshinda, na magari yanapiga honi barabara nzima. Vijana wanne wenye skafu nyekundu na njano wanasukuma mlango. Nawaambia jikoni tumefunga. Usta anapaza sauti kutoka nyuma kwamba supu ipo. Haya. Supu ikiwepo, mkate lazima uwepo. Na mkate ukishafika mezani hapa kwetu, hakuna namna, saladi itakatwa.