Siku Moja Maishani Mwangu Miongoni mwa Panya Wasio na Mafuta

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa nimekwisha kuvaa glavu na barakoa katika maabara ya utafiti hapa Maryland, Marekani. Ndugu zangu nyumbani huamini kwamba kazi yangu ni kuzoa kinyesi cha panya, na kweli siku huanza kwa vizimba, kwa sababu panya waliozaliwa karibu bila mafuta mwilini huugua kisukari kikali, hunywa na kukojoa kupita kiasi, na maranda yao hulowa upesi.

Saa mbili ni kupima uzito na sukari. Saa tatu, kuchemsha vifaa.

Siku hiyo, saa nne tulianza kuwapandikizia panya hao mafuta. Mafuta hutolewa kwa panya mwenye afya wa ukoo uleule, ili mwili wa mpokeaji usiyakatae, kisha hukatwa vipande vidogo na kuingizwa chini ya ngozi. Tulikuwa tumemaliza kumshona panya wa pili, na mafuta ya wa tatu yamo katika maji ya chumvi, mtungi wa oksijeni unaosukuma dawa ya nusukaputi ulipokwisha. Mtungi wa akiba, ambao msambazaji aliahidi kuuleta jana, haukuwapo. Nilipiga simu mara kwa mara, nikajibiwa kila mara kwamba gari liko njiani, huku nikimlinda panya wa pili juu ya mkeka wa joto, maana mnyama asiye na mafuta hupoa haraka mno. Gari lilipofika mchana, mafuta yale yalikuwa yamekaa bila damu muda mrefu, tukayatupa. Panya aliyeyatoa alikuwa amekufa bure, na jambo hilo liliniuma sana.

Hatukuweza kumpandikizia panya wa tatu mabaki machache ya mafuta yaliyokuwapo, kwani kiasi kidogo hakitoshi. Mwaka 2000, watafiti Oksana Gavrilova, Marc Reitman na wenzao walionyesha kwamba mafuta yaliyopandikizwa huondoa kisukari cha panya hawa na kupunguza mafuta yaliyorundikana katika ini, mradi yakaribie kiasi cha kawaida cha mafuta mwilini. Mwaka 2002 ikabainika kwamba mafuta yasiyotoa homoni ya leptini hayawaponyi. Mafuta ni kiungo kinachoagiza mwili, nami ninajivunia kukihudumia. Binadamu wenye lipodistrofi, yaani ugonjwa wa kukosa mafuta mwilini, hawana pacha wa ukoo uleule wa kuwapa, hivyo baadhi yao hutegemea sindano ya kila siku ya metreleptini, leptini ya kutengenezwa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014.

Tulianza upya kwa panya mwingine, mgongo ukiniuma na saa nisizitazame tena. Giza lilikuwa limeingia mpokeaji wa mwisho alipozinduka. Nilimdunga dawa ya maumivu, nikaandika daftarini miligramu za mafuta aliyopokea, kwa kuwa bila takwimu hiyo matokeo yake hayatafasirika.