Krismasi ya mama ianze saa tatu asubuhi

Ndugu zangu mlioko ughaibuni mkiwa na mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau kule nyumbani, najua makundi ya familia yameshaanza michango ya Krismasi. Letu limewaka. Kwetu ni Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, na mapendekezo yaliyopo ni ng'ombe, maturubai, muziki, sare za vitenge, na wajukuu wote wapige picha na bibi yao. Nia ni njema. Mama amelea wengi, wakiwemo wasio wa tumbo lake, na kila mtu moyoni anawaza huenda hii ndiyo sikukuu ya mwisho tukiwa naye.

Lakini mama tuliye naye sasa hataiweza shughuli hiyo.

Hapa Uingereza nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wengi ninaowaogesha na kuwalisha wana ugonjwa huu huu. Kelele na sura nyingi kwa mpigo huwachosha mno, na jua likielekea kuzama wengi huanza kuhangaika, wanataka kwenda kwao hata wakiwa kwao. Mama naye ni hivyo. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni anajifunga kanga kiunoni, anatafuta mlango, anamfuata baba yake Kongwa, mtu aliyezikwa miaka mingi iliyopita. Ukimwambia babu alishafariki, anaulia msiba upya, kama ndiyo kwanza habari imefika. Dada yangu anayekaa naye hambishii. Anamuuliza, "Baba alikuwa analima nini mwaka huo?" Wanakaa wanaongea uwele na mtama mpaka safari inasahaulika. Hakuna aliyemfundisha dada mbinu hiyo. Huku sisi tunaingizwa darasani kujifunza.

Kwa hiyo nimeomba Krismasi ya mama ianze saa tatu asubuhi, akiwa ameshakunywa uji na kichwa kimetulia, na waingie watu watatu, si thelathini. Ndugu wa Dar siku hizi hawana shida ya usafiri. Tangu treni ya SGR ianze kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, wanafika mjini kwa saa tatu na ushee. Basi waje kwa zamu, wengine tarehe 24, wengine 27. Kwake tarehe haina uzito tena, ila aliyekaa naye kwa utulivu anamuacha na furaha hata baada ya yeye kumsahau mgeni mwenyewe.

Na jamani, tuache kumuuliza, "Mama, mimi ni nani?" Ni mtihani, na watu wanauliza wakiwa wamemzunguka na simu zinarekodi. Mpe shikamoo, mtajie jina lako, mshike mkono, anza wewe kuongea. Ujanani mama alikuwa mpiga muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo inayobanwa mapajani. Juzi binti wa dada alianza kuimba huku akipepeta uwele uani. Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa neno, akaanza kupiga mapaja yake kwa viganja. Mapigo yalikuwa sawasawa, hata pale wimbo unapogeuka hakupotea. Majina ya watoto wake yameondoka, mikono bado inajua kazi yake. Video niliitazama nikiwa kwenye basi la kwenda zamu ya usiku, nikalia bila kujali nani ananiangalia.

Chakula nacho. Pilau ya punje kavu na nyama ya mifupa msimpe, anapaliwa. Ugali laini wa uwele na mlenda, tonge dogo dogo, akiwa amekaa wima, na akimaliza asilazwe papo hapo. Akikohoa kila anapomeza, apelekwe hospitali, isingojwe sikukuu ipite.

Sasa hela, maana sisi wa nje ndiko tunakotazamwa. Desemba kwetu ndiyo mvua zinaanza, na Ugogo msimu ni mmoja tu. Ukichelewa kupanda, umekosa mwaka. Dada anaamka alfajiri kumbadilisha mama nepi, anakimbilia shambani, anarudi kumlisha, anafua mashuka. Halafu tunamtumia pesa za ng'ombe apikie watu mia! Mchango wangu mwaka huu nimeutaja wazi kwenye kundi: vibarua wa kumpandia shamba lake lote, nepi za mama mpaka Machi, na nauli ya mama mdogo aje kumsaidia wiki mbili. Wapo walionuna, wanasema nimeifuta sikukuu. Sijaifuta. Dada hajahudhuria mkesha wa Krismasi tangu mama alipozidiwa, naye ni mwanakwaya.

Kaka yetu wa Dar amekubali kulala chumbani kwa mama usiku wa tarehe 24. Dada amemwandikia kwenye karatasi mambo ya kufanya mama akiamka usiku, na la kwanza kabisa ni asiwashe taa kubwa. Mimi nitapiga simu saa tatu ile, huku ikiwa saa kumi na mbili alfajiri, bila video, kwa sababu sura yangu kwenye kioo cha simu humtisha. Nitaimba tu, yeye apige mapaja.