Alilala Wapi?

Juni 1993, nikiwa kidato cha pili, nilipelekwa Ugogo kwa bibi mzaa baba. Mama alinisindikiza mpaka stendi ya mabasi Morogoro, akarudi. Hakuwa akilala kwa bibi. Nyumbani jambo hilo lilijulikana na halikusemwa.

Bibi aliishi kwenye tembe la zamani, kuta za miti na udongo, paa tambarare la udongo. Nilitandikiwa ngozi ya ng'ombe chini, ubavuni mwa ukuta wenye ufa mrefu. Asubuhi ya tatu niliamka na vidoa vyekundu kiunoni. Bibi akacheka.

"Mume wangu, papasi wamekuonja. Mgeni haachwi hivi hivi."

Kupe nilikuwa nawajua, wale wanaong'ang'ania sikio la ng'ombe siku nzima hadi wavimbe. Papasi ni jamaa yao, ila huyu ana tabia za mwizi: huja taa ikizimwa, hunyonya nusu saa hivi, na wewe unapoanza kujikuna yeye amesharudi ufani. Bibi alinichokolea mmoja kwa kijiti. Wa kijivu, hana macho, amekunjamana kama ngozi ya kiatu kilichonyeshewa. Akasema anaweza kukaa miaka bila kula. Nilidhani anatia chumvi, kumbe wapi.

Homa ilinishika siku chache baada ya kurudi. Kichwa, mgongo, magoti, kutapika. Zahanati wakanipa klorokwini, dawa ya malaria ya siku hizo, ambayo iliniwasha mwili mzima kuliko papasi wenyewe. Siku ya tatu nilitoka jasho godoro likalowa, na jioni nikaomba ugali. Mama akaisifu dawa. Wiki moja baadaye niko uwanjani, kipindi cha pili, baridi likanipanda kutoka miguuni. Klorokwini tena, jasho tena, sifa tena. Homa iliporudi mara ya tatu wakasema hiyo ni malaria sugu.

Mama akanipeleka hospitali nyingine. Mzee wa maabara aliisoma karatasi yangu, akaiweka kando.

"Huyu kijana mwezi uliopita alilala wapi?"

"Kwa bibi yake, Ugogo."

"Kwenye tembe?"

Alinitoboa kidole palepale, homa ikiwa juu, maana ikishuka, alisema, vijidudu hupungua hata usiwaone. Alipomaliza na dawa zake za rangi akaniita nichungulie kwenye darubini. Niliona vinyuzi vya zambarau vilivyojisokota kama springi ya kalamu. Borelia, akasema, bakteria wa homa ya papasi. Mwili ukiwaua kundi la kwanza, wachache hubadili joho lao wasitambulike, wakazaliana kimyakimya, na homa ikarudi. Kwa hiyo klorokwini haikuwa imenitibu hata mara moja. Zamu ya homa ilikuwa imekwisha tu, na sisi tukashukuru vidonge.

Mzee alipenda kusimulia. Alituambia kwamba Robert Koch, Mjerumani yule wa kifua kikuu, alikuwa huku mwaka 1905, akawafuata papasi kwenye vituo vya njia za misafara, na akawakuta vijidudu hao hadi ndani ya mayai. Papasi jike huwarithisha watoto wake. Wenyeji watu wazima huwa wameshazoeana na ugonjwa, ndiyo maana bibi alikuwa anacheka. Wanaoumia ni watoto wadogo na wageni.

"Na mjamzito?" mama akauliza. "Akiumwa na hao?"

Mzee aliacha kufuta kioo. "Mimba nyingi hutoka, mama. Na mtoto akizaliwa, mara nyingi hakai."

Mama aliifunga upya khanga yake, ingawa haikuwa imelegea.

Nilipewa tetrasaikilini. Saa mbili baada ya kidonge cha kwanza nilitetemeka hadi kitanda kikalia, na homa ikapanda kuliko siku zote. Mzee alikuwa ametuonya: vijidudu wakifa kwa pamoja, hufa na kelele. Ndipo mama, akinikanda kwa kitambaa cha maji, aliposema bila kuniangalia, "Mwaka 1981. Miezi saba, palepale kwa bibi yako." Kisha, baada ya muda, "Nilidhani ni yeye."

Desemba mama alipanda basi pamoja nami. Juu ya keria kulikuwa na kitanda cha chuma, na miguuni pake kopo la dawa ya unga. Bibi alisimama mlangoni, akatazama kitanda, akamtazama mama, akasema, "Karibu, mwanangu." Ya mwaka 1981 hayakutajwa, angalau mbele yangu. Mama alivua viatu, akapiga magoti mbele ya ule ufa wa ukutani na kuanza kuunyunyizia dawa, bibi akikanda udongo wa kuuzibia kwenye karai nyuma yake.