Mei 2018: ile wiki sirizi zetu zilipigwa chini, na kwanini sio watazamaji peke yao

Watu wengi bado wanaamini sirizi ya Marekani ikifutwa maana yake haikuwa na watu. Naisikia hii kila mahali, kwa wale jamaa wa kuweka muvi kwenye flashi, kwenye magrupu ya WhatsApp, eti "ilikosa watazamaji ikapigwa chini". Mara nyingi sio kweli, au ni kweli nusu, na msimu unaolionyesha hili vizuri kwangu ni ule wa 2017-18, hasa wiki moja ya Mei 2018 ambayo kwa sisi tunaofuatilia haya mambo ilikuwa ni presha mwanzo mwisho.

Kwanza ueleweke utaratibu. Miaka ile, kila katikati ya Mei stesheni kubwa za kule, yaani ABC, CBS, NBC, Fox na The CW, zilikuwa zinakutana na makampuni ya matangazo pale New York kuwaonyesha ratiba mpya inayoanza Septemba. NBC wanajaza Radio City Music Hall, CBS walikuwa wanakaa Carnegie Hall, na hapo ndo sehemu kubwa ya hela ya matangazo ya mwaka mzima inaanza kuahidiwa. Sasa huwezi kupanda jukwaani bila ratiba, kwahiyo Alhamisi na Ijumaa ya wiki inayotangulia ndo panga lilikuwa linapita. Na nafasi zenyewe ni chache mno. Ukiacha Jumapili, ABC, CBS na NBC wana saa 2 usiku mpaka saa 5, Fox wanaishia saa 4, basi. Ukiingiza kipya lazima kimoja kitoke, hakuna namna.

Alhamisi tarehe 10 Mei 2018 Fox wakafuta Brooklyn Nine-Nine, The Last Man on Earth na The Mick kwa mpigo mmoja. Kesho yake Lucifer. Siku hiyohiyo ya Ijumaa ABC wakafuta Designated Survivor na Quantico, na Jumamosi CBS wakamalizia na Scorpion. Ukiangalia hiyo orodha utaona karibu zote ni sirizi ambazo huku kwetu watu walikuwa wanazijua vizuri kabisa, zilikuwa zinazunguka mtaani kila kona, Scorpion na Designated Survivor usiseme.

Nianze na Brooklyn Nine-Nine maana ndo inayofundisha zaidi. Namba zake kwa usiku ule wa kurushwa zilikuwa ndogo, chini ya watu milioni 2, hilo halina ubishi. Lakini angalia Fox waliifanyaje sizoni ya tano: ikaanza Septemba siku za Jumanne saa 3 na nusu usiku, ikasimamishwa Desemba, ikapotea miezi mitatu, ikarudi Machi siku ya Jumapili. Mtazamaji wa kawaida anayekaa mbele ya tv bila kusoma habari za ratiba atajuaje imehamia wapi? Halafu kubwa zaidi, Fox hawakuwa wenye mali. Iliyotengeneza ni Universal Television, studio ya ukoo mmoja na NBC. Fox walikuwa wanalipa leseni kuirusha, na hela ya baadae, ile ya kuuza marudio na kuuza nje ya nchi, inaenda kwa wenye studio. Ni kama mwenye duka mwenye shelfu tatu tu: mali yake mwenyewe ikienda taratibu ataivumilia, mali kauli ya mwenzake ikienda taratibu anairudisha kesho asubuhi.

Mashabiki wakalipuka. Mastaa kama Lin-Manuel Miranda, Mark Hamill na Guillermo del Toro, wote wakaingia Twitter kulalamika. Na usiku wa Ijumaa, siku moja na kitu baada ya kufutwa, NBC wakatangaza wameichukua. Bosi wa NBC wakati huo, Robert Greenblatt, alisema wazi kwamba tangu waiuze kwa Fox alikuwa anajutia kuiachia. Watu wakasherehekea kwamba kelele za mtandaoni zimeshinda, na mimi nilifurahi sana, ila kelele peke yake zisingetosha. NBC walikuwa wanaokoa mali ya nyumbani kwao. Wakaagiza episodi 13, baadae wakaongeza zikafika 18, ikaanza Januari 2019 siku za Alhamisi, na ikaenda mpaka Septemba 2021 ikamaliza ikiwa na episodi 153. Sasa hiyo ndo sirizi iliyofutwa kwa "kukosa watu".

Lucifer hadithi yake ni ya upande wa pili. Mwenye mali ni Warner Bros. Television, na Warner hawakuwa na stesheni yao ya peke yao ya kuirudishia maana The CW walikuwa wanaimiliki nusu kwa nusu na CBS. Kwahiyo walibaki wanatafuta mnunuzi. Iliniuma kwasababu episodi ya kufunga sizoni ilirushwa tarehe 14 Mei, siku tatu baada ya taarifa ya kufutwa, na ikaishia patamu kuliko sirizi yoyote mwaka ule, Chloe, yule askari mpelelezi anayefanya naye kazi, anauona uso halisi wa Lucifer, kwisha. Mashabiki hawakukaa kimya, #SaveLucifer ikatembea dunia nzima mpaka Juni Netflix wakaichukua. Ikaenda hadi sizoni ya sita.

Kuna jambo lingine lililoibana Fox ambalo watu hawalitaji. Januari ya mwaka huohuo walinunua haki za mpira wa NFL, ile ligi ya futiboli ya Kimarekani, wa Alhamisi usiku, mkataba wa miaka 5, na taarifa za wakati ule zilisema ni zaidi ya dola bilioni 3. Mpira ukiingia Alhamisi, sirizi za Alhamisi zinahama, zikihama zinasukuma nyingine, na nyingine zinadondoka. Na Desemba 2017 Disney walikuwa wameshatangaza kuinunua studio ya 20th Century Fox huku stesheni yenyewe ya Fox ikibaki nje ya dili. Kwahiyo hata The Mick na The Last Man on Earth, ambazo zilikuwa za studio yao wenyewe, zilikuwa njiani kwenda kuwa za mtu mwingine. Nikiliweka hivyo linaeleweka, japo haliondoi uchungu. The Last Man on Earth nayo iliishia patamu na hakuna aliyeiokoa.

Halafu siku hizohizo Fox wakaifufua Last Man Standing ya Tim Allen! Hii ABC waliifuta Mei 2017 ikiwa na watu zaidi ya milioni 6 siku za Ijumaa, na Ijumaa inajulikana kuwa ni siku ngumu. Ilikuwa inatengenezwa na 20th Century Fox, ABC wanalipa tu. Milioni 6 wanafutwa, wale wa chini ya milioni 2 wanaokolewa na stesheni nyingine, hapo utasemaje tena ni watazamaji? Na hata hao watazamaji hawahesabiwi sawa, anayetafutwa na makampuni ya matangazo ni mwenye umri wa miaka 18 mpaka 49. Bibi wa miaka 70 asiyekosa episodi hata moja uzito wake kwenye hiyo hesabu ni mdogo sana, na hili mimi sijawahi kulipenda.

Roseanne, sirizi ya vichekesho ya ABC, ndo ilinithibitishia kwamba hata namba kubwa sio kinga. Ilirudi Machi 2018 na watu zaidi ya milioni 18 usiku wa kwanza, ndani ya wiki hiyohiyo ikaongezewa sizoni. Tarehe 29 Mei staa wake Roseanne Barr akaandika maneno ya kibaguzi Twitter kuhusu Valerie Jarrett, mama mweusi aliyekuwa mshauri wa Rais Obama, na kabla siku haijaisha Channing Dungey, mama aliyekuwa anaongoza ABC Entertainment, akaifuta. Naamini alifanya sahihi. Kuacha hela nyingi kiasi kile mezani sio kitu kidogo kwa bosi yeyote wa tv.

Designated Survivor wengi huku wanadhani ilikuwa ya Netflix toka mwanzo, maana nje ya Marekani na Kanada ilikuwa inaonekana huko. Hapana, ilikuwa ya ABC, Jumatano saa 4 usiku, na nyuma ya pazia viongozi wa waandishi walibadilishwa mara kadhaa kwa sizoni mbili tu, na ukweli sizoni ya pili inaonyesha, hadithi inayumba. Netflix wakatoa episodi 10 mwaka 2019 halafu nao wakaachia hapo.

Scorpion ndo naidai mpaka leo. Sizoni nne, episodi 93, timu imegawanyika makundi mawili, na hakuna hata dakika moja ya kufunga. NBC walipoifuta Timeless mwezi uliofuata walau walitoa masaa mawili ya kumalizia, yakarushwa tarehe 20 Desemba 2018, watu wakajua wahusika wao wameishia wapi. CBS walikuwa na uwezo huohuo. Walter, Paige na wenzao walistahili masaa mawili.