Nikae, Ndipo Niutazame

Wapendwa, Bwana asifiwe sana.

Wiki hii naomba tusimame kwenye mstari mmoja, Zaburi 27:4. "Neno moja nimelitaka kwa BWANA, nalo ndilo nitakalolitafuta, nikae nyumbani mwa BWANA siku zote za maisha yangu, niutazame uzuri wa BWANA, na kutafakari hekaluni mwake." Angalieni mpangilio wa ombi la Daudi. Anaomba kukaa kwanza. Kuutazama uzuri kunakuja baadaye, ndani ya kule kukaa. Wengi wetu tunaomba kinyume chake: Bwana, nionyeshe kwanza, nikishaona nitakaa.

Mstari huu ulinishika nikiwa mbali na Kampala. Tulikwenda Marekani kumtembelea kaka yangu anayeishi California, naye akatupeleka kwa gari hadi San Francisco kwa njia ya pwani, ile Barabara Namba 1 inayopita ukingoni kabisa mwa bahari, milima mkono wa kulia na Pasifiki mkono wa kushoto. Mama yetu alikaa kiti cha mbele, kanga magotini kwa sababu ya baridi. Watoto walijazana nyuma, wa kwangu na wa kaka, na wote walikuwa wanataka kitu kimoja tu: daraja la Golden Gate.

Ilikuwa Agosti, na Agosti ndio mwezi wa ukungu katika mji ule. Maji ya bahari ya pale ni baridi hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa yale ya vilindini hupanda juu karibu na ufuo. Hewa yenye unyevu kutoka baharini ikipita juu ya maji hayo hupoa na kuwa ukungu. Huko bara bondeni jua linachoma, hewa ya moto inapanda, na ile ya baharini inavutwa kuziba nafasi yake. Na mahali pa kuingilia ni pamoja tu, yaani ule mlango wa bahari ambapo daraja lenyewe limejengwa. Kwa hiyo ukungu humiminika palepale mgeni anapotaka kutazama.

Hatukuliona. Minara yake ina urefu wa mita 227 juu ya maji, imepakwa rangi ya chungwa iliyoiva ili meli ziione hata katika hali kama ile, nasi tulisimama karibu nayo tusione hata kamba moja. Tuliisikia sauti yake tu. Darajani kuna honi kubwa zinazolia wakati wa ukungu kuongoza vyombo, kila moja na mlio wake, na nahodha anayezijua hupita salama bila kuona nguzo. Watoto waliuliza kama ni meli inayolia. Mtoto wa mwisho wa kaka akaanza kulia naye.

Mama mmoja mwenyeji aliyekuwa akitembeza mbwa wake alisimama kutusalimu. Akatuambia Agosti ndivyo ilivyo, kwamba tukingoja hadi alasiri huenda ukainuka, na kwamba tukija Septemba au Oktoba tutaliona vizuri. Tulimshukuru, lakini ratiba ilikuwa inatuvuta, tukarudi garini. Mama yetu ndiye aliyesema, mlango ukiwa bado wazi: "Yule anaishi nalo. Sisi tumekuja kulitazama tu."

Neno hilo limenikaa tangu siku hiyo, na nilipoendelea kusoma habari za mji ule likazidi kunichoma. Ule mlango wa bahari una upana wa kama kilomita moja na nusu, na nyuma yake kuna ghuba kubwa inayoweza kuhifadhi meli nyingi mno. Lakini meli za Wazungu ziliupita kwa zaidi ya miaka 200. Cabrillo, baharia wa Hispania, alisafiri pwani ile mwaka 1542 akaupita. Drake, Mwingereza, alitia nanga upande wa kaskazini mwaka 1579, wala hakuandika kwamba aliiona ghuba. Vizcaíno, naye wa Hispania, aliupita mwaka 1603. Ukungu ulifunika, na hata siku za mwanga visiwa na vilima vya ndani, ukivitazama kutoka baharini, vinaonekana kama ufuo mmoja usiokatika. Walioiona ghuba walikuwa watu wa miguu. Mwaka 1769 kikosi cha Portolá, askari wa Hispania, kilikuwa kinatembea kutoka kusini kikitafuta bandari ya Monterey, wagonjwa, wenye njaa, na Monterey yenyewe walikuwa wameshaipita bila kuitambua. Wakapanda kilima, wakaikuta ghuba chini yao. Meli ya kwanza iliingia mwaka 1775.

Na hapo nawaonea uchungu wale ambao historia huwataja haraka haraka: Waohlone, wenyeji wa pwani ile, walikuwa wakivua na kukusanya kome kandokando ya ghuba hiyo kwa maelfu ya miaka. Haikuwa imefichwa kwao hata siku moja.

Tusiwashangae watu wa mbali. Sisi hapa Uganda tunao mlima wa namna hiyo. Rwenzori ina kilele cha mita 5,109 chenye theluji, karibu kabisa na ikweta, na bado wageni walipita chini yake wasijue. Samuel Baker, mpelelezi Mwingereza, alifika Ziwa Albert mwaka 1864, akaona milima ya buluu kwa mbali, basi. Stanley alipita maeneo hayo mwaka 1876 akaondoka bila kuiona theluji. Ilimbidi arudi, na mwaka 1888 ndipo mawingu yalipofunguka akaiona. Wakati huo wote Wakonzo walikuwa wanaishi kwenye miteremko ile, wanalima, wanazaa, wanazika, na theluji walikuwa na jina lake katika lugha yao. Aliyewahi kulala Kasese anajua: unaweza kukaa siku nzima ukaona ukuta wa mawingu tu, kisha alfajiri moja ukatoka nje kunawa uso na mlima wote uko pale.

Ndugu zangu, nawasihi kwa upendo. Imani yetu mjini hapa imekuwa ya watalii. Leo mkesha huu, Ijumaa ijayo mkesha mwingine upande wa pili wa mji, kwa sababu tumesikia kwamba kule Mungu anaonekana. Tunafika, tunatazama, tusipoona tunapanda boda tunaondoka. Sisemi mikesha ni mibaya. Mimi mwenyewe niliokoka katika mkesha. Nasema kuhusu moyo unaompa Mungu saa moja ajionyeshe, na asipojionyesha unahitimisha kwamba hayupo mahali pale.

Kitabu cha Hesabu sura ya 9 kinatueleza jinsi Israeli walivyosafiri jangwani. Wingu likiinuka juu ya maskani, wanang'oa hema. Wingu likikaa, wanakaa. Na maandiko yanasema lilikuwa likikawia pengine siku mbili, pengine mwezi, pengine mwaka. Mwaka mzima! Hebu mfikirie mama mwenye watoto wadogo katika kambi ile, kila asubuhi anachungulia nje ya hema, wingu bado. Anakusanya mana, anarudi kupika. Hakuna aliyemwambia ni lini. Lakini yuko kwenye safari ya Bwana sawasawa na siku zile za kutembea, na wingu linalomzuia kuondoka ndilo lenye utukufu wa Bwana ndani yake. Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, maana tumezoea kuhesabu siku za mwendo tu kuwa ndizo siku za Mungu. Mwaka wa kusimama nao ni wake.

Mkumbukeni Ana, binti Fanueli, katika Luka 2. Mjane, umri umeenda sana, haondoki hekaluni, anafunga na kuomba usiku na mchana. Siku Yusufu na Mariamu walipomleta mtoto, ua wa hekalu bila shaka ulikuwa na watu wengi waliokuja kutoa sadaka zao na kurudi makwao. Mtoto alipita katikati yao. Ana alimtambua saa ileile. Alikuwa amekaa pale miaka mingi.

Lakini niseme na hili, maana nisipolisema nitakuwa nimewadanganya. Kukaa peke yake hakutoshi. Wana wa kuhani Eli walihudumu hekaluni na hawakumjua Bwana. Yupo mtu wa chini ya mlima asiyeinua macho kamwe. Daudi ameomba yote mawili: nikae, tena niutazame. Na Bwana Yesu hakusema kaeni kanisani, alisema, "Kaeni ndani yangu, nami ndani yenu." Kukaa huko kunabebeka hata ndani ya takisi iliyokwama kwenye foleni, hata sokoni Owino ukiwa umesimama tangu alfajiri. Anachoomba ni moyo usiomwacha wakati haonekani, unaosikiliza sauti yake kama nahodha yule anayesikiliza honi.

Kwa wiki hii someni Zaburi 27 yote, mistari 14 tu, na Hesabu 9 kuanzia mstari wa 15. Ikiwezekana msome familia nzima, kabla watoto hawajalala, na bibi au babu akiwepo asome yeye. Chagueni saa moja ya siku mnayoweza kuishika bila kuhama, hata kama ni fupi, na muishike siku ambazo hamsikii chochote.

Wapo kati yetu ambao wingu lao limekawia: dada anayengoja majibu ya hospitali, ndugu zetu kutoka Kongo wanaongoja karatasi zao mwaka baada ya mwaka, wazazi wanaomngoja kijana wao arudi nyumbani. Jumatano jioni tutawataja mmoja mmoja mbele za Bwana. Anayetaka jina lake litajwe aniambie kabla ya siku hiyo.