Ijumaa yangu na kiboksi cha wati 9: siku moja maishani mwangu, Tanga

Saa 11 alfajiri

Nikitoka kuswali, cha kwanza ninachokiendea ni kabati la vyombo la mama, sebuleni kwetu hapa Makorora. Juu yake, kati ya chupa ya chai na redio, kimekaa kiboksi cheusi kinachoenea kiganjani. Ndicho kompyuta inayoendesha roboti yangu, yaani programu ya kununua na kuuza fedha za kigeni, usiku na mchana, tangu soko linapofunguliwa hadi linapofungwa Ijumaa.

Nakigusa kwanza. Kina uvuguvugu tu. Nilichagua kisicho na feni kwa sababu ya chumvi ya bahari. Feni ya kompyuta yangu ya zamani ililiwa na kutu ikawa inakoroma. Halafu nakifungua kupitia simu. MetaTrader, programu ya biashara ambamo roboti inafanya kazi, imeunganishwa na seva ya broka, kampuni ninayofanyia biashara kwake; daftari lake la matukio halina mstari mwekundu, na hakuna biashara iliyolala wazi. Mama ananiuliza, "Kiboksi chako kimeamkaje?" Kizima, mama.

Kabla yake nilinunua Raspberry Pi. Ni kompyuta nzuri mno, ila prosesa yake ni ya ARM, na MetaTrader ilitengenezwa kwa ajili ya Windows na prosesa za aina ya Intel. Nilihangaika wiki nzima na programu za kutafsiri lugha ya prosesa moja kwenda nyingine, ikawa inafunguka na kuganda. Hiki cha sasa kina prosesa ya Intel N100, na kipimo nilichokichomeka kwenye soketi kinaonyesha wati 9.

Wati hizo zina maana kubwa kwetu. Kompyuta ya mezani ya wati 100 ikikesha kila siku inakula uniti 72 kwa mwezi. Nyumba yetu imo kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75. Kiboksi kinakula kama uniti sita na nusu, friji ya mama ikabaki na nafasi yake.

Saa 2 asubuhi

Nafika dukani Ngamiani kwa baiskeli. Fotokopi, picha za pasipoti, fomu za shule, barua za maombi ya kazi. Duka ndilo linalonilisha.

Saa 4 asubuhi

Soko la London linafunguliwa. Huu ni mwezi wa nane, Ulaya wako kwenye saa za kiangazi, kwa hiyo saa mbili yao ni saa nne yetu. Wakirudisha saa nyuma mwezi wa kumi, itakuwa saa tano.

Simu inatetemeka: roboti imenunua pauni dhidi ya dola, loti 0.01 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara), na amri ya kukata hasara, inayoifunga biashara bei ikishuka hadi hapo, imewekwa pipi 40 chini (pipi ni hatua ndogo ya bei). Kwa loti hiyo kila pipi ni senti 10 za dola, basi nikikosea napoteza dola 4. Akaunti yangu ina dola 400. Asilimia moja kwa biashara moja, siongezi, hata roboti ikishinda mara sita mfululizo.

Saa 6 mchana

Anaingia baba mdogo, kofia mkononi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Nina jambo."

Ameuza injini ya mashua yake. Anazo milioni mbili na laki tatu, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na anataka niziingize kwenye kiboksi zizae, anunue injini kubwa zaidi. Kijiweni wamemwambia mashine yangu inachapa hela hata nikilala.

Nilimvutia kiti nikafunga fotokopi. Nikamweleza kwamba mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya, ESMA, walisema asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu wa kawaida wanaofanya biashara za aina hii hupoteza fedha. Nikamweleza na Januari 15, 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro. Bei iliruka, amri za kukata hasara zikatekelezwa mbali kabisa na zilipowekwa, na kuna watu waliamka wanadaiwa na broka. Roboti inafuata kanuni nilizoiandikia. Siku kama ile haina kanuni.

"Sasa wewe mbona unafanya?"

Nikamjibu kweli. Hizi dola 400 nimezidunduliza miaka miwili, na zikiondoka zote hakuna atakayelala njaa. Na naipenda kazi yenyewe, kuandika kanuni, kuipima, kuirekebisha. Fedha ya injini ni fedha ya samaki wa watoto wake, siwezi kuishika. Alinyamaza kitambo, akaurudisha mfuko kwapani. Tukaenda pamoja kuswali Ijumaa.

Saa 8 mchana

Umeme umekatika. Nikiwa dukani naliona feni linapunguza mwendo, na moyo unakimbilia nyumbani.

Mwaka jana, siku kama hii, nilikuwa natumia ile kompyuta ya mezani. Roboti ilikuwa na faida ya pipi 60 na ilikuwa inaisogeza amri ya kukata hasara nyuma ya bei. Umeme ukakatika, mashine ikazima. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho ningependa kila anayeanza akijue. Amri ya kukata hasara ya kawaida, ikishapokelewa, inakaa kwenye seva ya broka, hata ukizima kila kitu. Ile inayojisogeza yenyewe inaendeshwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako. Kompyuta ikifa, inabaki pale ilipofika. Bei iligeuka, umeme ulirudi jioni, faida yote imekwenda na hasara juu.

Leo kiboksi na ruta vinakula betri ya volti 12, ampea-saa 18, kupitia kifaa cha kutuliza volti. Kwa pamoja havifiki wati 20. Hata nikitumia nusu tu ya betri, nina saa tano hivi. Betri ikiisha, nimeipanga BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, ili kiboksi kiwake chenyewe umeme ukirudi, na MetaTrader ifunguke bila mkono wa mtu. Nafungua simu: bado imeunganishwa.

Saa 9 alasiri

Leo Wamarekani wanatoa takwimu za ajira, saa tisa na nusu kwa saa zetu. Nimeiandikia roboti ifunge kila kitu nusu saa kabla. Inafunga na faida ya pipi 19, yaani dola 1.90. Takwimu zinapotoka, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza linapanuka kutoka pipi moja na kitu hadi tisa, halafu bei inakwenda juu na kurudi kama jahazi lililokatika tanga. Sigusi kitu. Namalizia kuchapa barua ya mteja kwa betri ya kompyuta mpakato.

Saa 1 usiku

Umeme umerudi. Kahawa na kashata barazani, na ustadhi wangu ananiuliza kama bado nafunga mapema. Yeye ndiye aliyenitahadharisha juu ya riba: biashara ikivuka saa 11 jioni ya New York, inatozwa au kulipwa riba ya usiku. Kwa sasa huo ni usiku wa manane wetu. Roboti yangu hailazi biashara.

Saa 6 usiku

Soko limefungwa hadi Jumapili usiku. Sasa ndiyo nafasi ya masasisho ya Windows, ambayo nimeyazuia wiki nzima yasije yakaizima mashine katikati ya kazi. Nanakili kumbukumbu za wiki kwenye flashi, naondoa chati mbili zisizotumika zinazokula kumbukumbu ya kompyuta.

Kuna ujumbe wa baba mdogo. Kuna mtu Deep Sea anauza injini iliyotumika, anataka niongozane naye kuiangalia, saa moja asubuhi. Namjibu nitakuja na baiskeli.